Goti la Kushoto na Sakafu ya Vigae

ELIA: Karibuni tena, wapendwa. Leo hatuna mgeni kutoka nje. Mgeni ni dada Zuhura mwenyewe, mwenzangu wa hapa kila wiki. Nimemsihi miezi mitatu atusimulie habari ya goti lake, juzi ndiyo kakubali.

ZUHURA: Nilikuwa sijawa tayari, kaka Elia. Nilitaka kwanza nijue kama nitarudi kucheza.

ELIA: Na umerudi?

ZUHURA: Nimerudi nusu. Ngoja nianze mwanzo ili wasikilizaji tuwe nao. Mimi nacheza balei, ile dansi ya jukwaani. Nilianza nikiwa na miaka 34, nina watoto wawili, natoka kazini jioni na foleni ya Mwenge imenimaliza. Watu wakisikia balei wanawaza vitoto vya Masaki na visketi vya waridi. Darasa letu tuko watu wazima tisa. Kuna mwalimu wa sekondari, kuna fundi cherehani, kuna mama wa miaka 51 ambaye mgongo wake umenyooka kutushinda wote. Tunakodi ukumbi Mikocheni. Mabomba ya kushikilia tulichomelewa na fundi wa mtaani. Sakafu ni vigae.

ELIA: Vigae juu ya saruji.

ZUHURA: Ndiyo. Najua unavyoichukia, tutafika huko.

ELIA: Tuambie siku yenyewe.

ZUHURA: Ilikuwa Jumamosi, tunafanya plie. Kwa asiyejua, plie ni kukunja magoti huku miguu umeigeuza nje, visigino vinaelekeana, vidole vinatazama pembeni. Maneno karibu yote ya balei ni ya Kifaransa, kwa sababu ni mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, aliyeanzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661, na majina yakabaki hivyo mpaka Mikocheni. Sasa mbele yangu kuna mwenzangu, miguu yake imefunguka kama kitabu. Mwalimu hakunilazimisha, nilijilazimisha mwenyewe. Nikakunja magoti, nikazipanga nyayo zangu sakafuni kama zake, halafu nikainuka na kunyoosha magoti juu ya nyayo zile. Nikahisi kitu ndani ya goti la kushoto, upande wa ndani, kama uzi umekatika. Hakukuwa na mlio wowote. Nikamaliza darasa.

ELIA: Ukamaliza darasa!

ZUHURA: Nikamaliza, na nikasimama kwenye daladala mpaka nyumbani. Asubuhi goti limejaa kama embe dodo.

ELIA: Hilo la asubuhi lishikeni, wasikilizaji. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, na swali langu la kwanza kwa mgonjwa wa goti ni hilo: lilivimba lini? Goti likijaa ndani ya saa moja au mbili, mara nyingi ni damu, na hapo tunawaza kano kubwa ya katikati imechanika au kuna mfupa umevunjika. Likijaa taratibu mpaka kesho yake, kama la dada Zuhura, mara nyingi tunaiwazia menisko. Kila goti lina menisko mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vimekaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa ugoko kama mto wa kukalia. Ukikunja goti huku umesimama, kisha ukalizungusha, unaweza kuubana mto ule na kuuchana.

ZUHURA: Na ndicho nilichofanya. Lakini wakati ule sikujua. Mama mkwe wangu akanitafutia bibi mmoja anayejua kuchua, akaja na mafuta ya moto. Walinihurumia kwa dhati, sitaki mtu awacheke. Nilipochuliwa mara ya pili goti likawa kubwa zaidi.

ELIA: Goti bichi, lenye maji, halichuliwi kwa nguvu. Baadaye, misuli ya paja ikiwa imekaza, kuchua kunasaidia. Kwenye uvimbe wenyewe, hapana.

ZUHURA: Nikaenda hospitali. Sitaitaja. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa mizima, nikapewa vidonge vya maumivu. Nikamweleza daktari kwamba nacheza balei. Akaniangalia, akasema, "Kwa umri wako, mama, achana na hayo mambo." Nilijikaza pale ndani. Nililia kwenye bajaji.

ELIA: Pole sana, dada.

ZUHURA: Nimeshapoa. Lakini nataka mtu mzima mwenzangu aliyeambiwa maneno hayo ajue kwamba hayupo peke yake.

ELIA: Mimi nayapinga maneno hayo kwa sababu ya kazi yangu, siyo kwa kukufurahisha. Kwanza, eksirei inaonyesha mifupa, gegedu na kano haionyeshi vizuri. Kuambiwa mifupa mizima hakumaanishi goti zima. Kwa menisko daktari anapima kwa mikono yake, na ikibidi anaandika kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata gegedu na kano. Pili, mwambie mtu aache balei, je, ataacha ngazi za ghorofa ya nne Kariakoo? Ataacha kuchuchumaa chooni? Ataacha kusujudu?

ZUHURA: Miezi miwili nilisali kwenye kiti. Hilo liliniuma kuliko balei.

ELIA: Unaona? Goti litafanya kazi tu, uwe unacheza au huchezi. Ni heri lifundishwe.

ZUHURA: Haya, waeleze tulivyoanza, maana nilikuja kwako nimebeba barafu za vifuko kama muuza duka.

ELIA: Barafu inapunguza maumivu, sikatai. Ile kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu iliandikwa mwaka 1978 na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin. Mwaka 2014 ni yeye mwenyewe aliyeandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja yanaweza kuchelewesha kupona. Basi tulitumia barafu kidogo, mwendo mapema. Lakini kilichonishughulisha kwako lilikuwa paja. Ulikumbuka kulitazama?

ZUHURA: Lilikuwa limesinyaa! Wiki mbili tu.

ELIA: Goti likiwa na maji, mwili unaizima misuli ya mbele ya paja. Hata mililita 20 au 30, yaani vijiko vinne hadi sita vya chai, zinatosha kuudhoofisha ule msuli wa ndani ulio juu ya pia ya goti. Mtu anadhani ni mvivu, kumbe taa imezimwa huko ndani. Ndiyo maana zoezi la kwanza halikuwa la kishujaa. Dada Zuhura alikunja khanga, akaiweka chini ya goti, akaigandamiza kwa goti na kuhesabu mpaka tano, kisha akaachia. Asubuhi, mchana, jioni.

ZUHURA: Siku nne za kwanza nilikuwa naamuru na paja halisikii. Nalitazama, naliambia kaza, limelala tu. Siku ya tano likatetemeka. Nilimwita mume wangu jikoni aje aone.

ELIA: Nakumbuka ulinitumia video.

ZUHURA: Sasa niseme kosa langu kubwa, maana naamini ndilo linalowarudisha wengi nyuma. Wiki ya tano maumivu yakaisha kabisa. Nikajiona nimepona. Nikarudi darasani bila kukuambia, nikafanya kila kitu, na kuruka nikaruka. Jumapili asubuhi, embe dodo lilelile.

ELIA: Maumivu yanaondoka mapema kuliko udhaifu. Siku hiyo ulipokuja nilikupima. Kwa mguu wa kulia peke yake uliinuka juu ya vidole mara 25. Wa kushoto?

ZUHURA: Tisa.

ELIA: Tisa. Na mtu huyo alikuwa ameruka juu ya saruji. Kwa hiyo tangu siku ile hatukuuliza tena "inauma?" peke yake. Tuliuliza vitu viwili: kesho yake limevimba? Na mguu wa kushoto umefika wapi ukilinganisha na wa kulia? Wale waliofanyiwa upasuaji wa kano ya katikati, kwao hili ni zito zaidi. Kuna utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016: kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi mchezoni, mpaka kufikia miezi tisa baada ya upasuaji, uwezekano wa kuumia tena ulipungua kwa asilimia 51. Kila mwezi mmoja. Mgonjwa akiniambia miezi sita inatosha, namsomea huo.

ZUHURA: Halafu ukanilaza kifudifudi.

ELIA: Enhe. Hapo ndipo penyewe. Mtu alale kifudifudi, akunje goti, ugoko usimame wima. Halafu auache ugoko uangukie ndani, kuelekea mguu wa pili, bila nyonga kuinuka kitandani. Pale unapoishia ndipo nyonga yake inapoweza kugeuka nje. Watu wengi wanafika nyuzi 40 hadi 50. Ule mstari mnyoofu wa nyayo kwenye balei unadai nyuzi 90 kila mguu. Nyuzi zinazobaki zinatoka wapi? Kidogo kwenye ugoko na kwenye kifundo. Zilizozidi, goti ndilo linalolipa. Na goti lina tabia hii: likiwa limekunjwa linakubali kuzunguka, likinyooka linajifunga. Kwa hiyo ukizipanga nyayo huku umekunja, halafu ukanyooka, umelikamua kama nguo.

ZUHURA: Nilipoelewa hilo nilinyamaza. Miaka minne nilikuwa nageuza miguu kuanzia chini, kwenye nyayo. Inatakiwa ianzie juu. Kuna misuli sita midogo ndani kabisa, chini ya makalio, kazi yake ni kuzungusha paja. Mimi sikuwahi hata kuihisi.

ELIA: Waambie habari ya soksi.

ZUHURA: Soksi! Hii jaribuni nyumbani, taratibu, mkiwa mmeshika meza. Vaa soksi, simama kwenye vigae, miguu imenyooka. Kaza makalio kwa chini, uache mapaja yageuke. Vigae vinateleza, kwa hiyo nyayo haziwezi kushikilia uongo. Pale miguu itakaposimama yenyewe ndiyo balei yako. Yangu ilikuwa ndogo sana, kama herufi V iliyobanwa. Niliona aibu, kisha nikaona uzuri wake, kwa sababu kwa mara ya kwanza goti, pia yake na kidole cha pili cha mguu vilitazama upande mmoja.

ELIA: Na plie ikashuka bila maumivu.

ZUHURA: Siku ileile.

ELIA: Vifaa tulivyotumia nataka niviseme upesi, maana watu wanadhani lazima ulipie jimu. Mpira wa tairi ya baiskeli uliokatwa mrefu, ule wa kufungia mizigo, wa kuvuta kwa nyonga. Kidumu cha lita tano kikijaa maji ni kilo tano, unachuchumaa nacho. Ngazi moja ya kushukia polepole, kwa mguu mmoja. Baharini ni sawa, ila msiogelee kwa kupiga miguu kama chura, inavuta upande wa ndani wa goti.

ZUHURA: Kuna msikilizaji wa Tabata ameniandikia kwamba yeye hakuumia siku yoyote, ila mbele ya goti panauma akishuka kivuko cha juu cha mwendokasi.

ELIA: Kushuka ngazi kunaweza kuibebesha pia ya goti takriban mara tatu ya uzito wa mwili. Hapo mara nyingi dawa ni kuimarisha paja na nyonga, na kupunguza ngazi kwa muda bila kuziacha kabisa. Lakini dada, na wengine wote: goti likikwama lisinyooke, likikuachia ghafla ukitembea, au likiwa jekundu na la moto huku una homa, usitusikilize sisi. Nenda hospitali.

ZUHURA: Na sakafu, basi. Sema, najua imekukaa kooni.

ELIA: Majukwaa ya balei yana mbao zinazonesa. Ukitua, sakafu inapokea sehemu ya mshindo. Saruji haipokei kitu, yote inarudi kwako. Watu wazima kurukia vigae ni jambo linaloniumiza roho.

ZUHURA: Tumechanga. Tumenunua plaiwudi, tumeitandika juu ya vipande vya mpira kwenye kona moja ya ukumbi. Haijatosha watu tisa, tunaruka watatu watatu. Mmarekani Misty Copeland alianza balei na miaka 13, wakamwona amechelewa, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupewa cheo cha mchezaji mkuu pale American Ballet Theatre, kundi kubwa la balei la huko. Mimi sitafuti cheo. Nataka tu nifike 60 nikiwa bado nafanya plie.

ELIA: Sasa uko mwezi wa ngapi?

ZUHURA: Wa nane. Nafanya sehemu yote ya kwenye bomba, na nusu ya ile ya katikati ya ukumbi, bila kushika bomba. Kuruka bado. Wenzangu wakianza kuruka nakaa pembeni nawapigia makofi ya mdundo. Mwanzoni ilikuwa inanichoma. Siku hizi naangalia magoti yao yanavyotua, na wawili nimeshawalaza kifudifudi.

ELIA: Kushoto imefika ngapi?

ZUHURA: Jana, 22.

ELIA: Bado tatu.

ZUHURA: Bado tatu. Na zikifika nitakupigia simu kwanza, kabla sijaikanyaga ile plaiwudi.