Pedi za Breki za Baiskeli kwa Mteremko wa Lushoto hadi Mombo

Ndugu zangu mafundi, nanyi waongoza wageni, asanteni kwa kuja.

Nianze na mteremko tunaoujua sote. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kama kilomita 33, na mtu hushuka karibu mita 1,000. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 90, nishati ya kushuka huko ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Upepo huchukua sehemu yake. Sehemu kubwa ya inayobaki huwa joto kwenye diski mbili nyembamba za breki na pedi nne zinazozibana. Ndiyo maana nasikitika nikisikia mtu anaingia dukani akiuliza bei kwanza.

Kwanza umbo. Pedi ya kalipa moja (kalipa ni sehemu ya breki inayoshika pedi na kuzibana kwenye diski) mara nyingi haiingii kwenye nyingine, hata kama kampuni ni ileile. Kwa breki za kampuni ya Shimano, pedi za herufi B utazikuta kwenye kalipa nyingi za pistoni mbili (pistoni ndizo zinazosukuma pedi), na N kwenye za pistoni nne. Nenda dukani na pedi ya zamani mkononi, uilaze juu ya mpya, uangalie na tundu la pini.

Halafu soma diski yenyewe. Wengi hawaisomi. Diski za bei ya chini mara nyingi zimechongwa maneno RESIN PAD ONLY: hiyo ni ya pedi za resini tu, yaani zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Ukiifungia pedi za chuma, zitaila upesi. Ukitaka za chuma, nunua na diski inayozikubali.

Sasa, resini au chuma? Resini haipigi kelele, na hushika vizuri tangu ikiwa baridi. Lakini tope la masika huimaliza haraka sana, na ikipata joto kupita kiasi uso wake hung'aa na kuanza kuteleza. Pedi za chuma, zile za unga wa metali uliogandamizwa kwa moto, hudumu zaidi na huvumilia tope na joto. Zina kasoro zake: hulia zikilowa, na hupitisha joto jingi zaidi kuelekea kwenye kalipa. Kwa baiskeli za kukodisha huku Usambara, mimi naweka chuma mbele na nyuma, bila kusita. Anayezunguka mjini kwenye tambarare, resini inamtosha.

Shimano wanataka pedi ibadilishwe ikibaki milimita 0.5 ya kisugulio, ile sehemu inayosugua diski, bila kuhesabu bati la nyuma. Kwa safari ya kwenda Mombo naona hiyo ni kuchelewa. Ikifika milimita 1, badilisha kabla mgeni hajapanda. Pima na diski: mpya ya Shimano ina milimita 1.8, na ikifika 1.5 imekwisha.

Mafuta ya mnyororo, hasa ya kupuliza, yasifike kwenye pedi. Zikishayanyonya ni vigumu kuziokoa. Futa diski kwa spiriti safi na usiiguse kwa vidole.

Pedi mpya zizoesheni na diski kabla ya mteremko: endesha baiskeli kwa kama kilomita 20 kwa saa, funga breki taratibu hadi mwendo wa miguu, bila kuligandisha gurudumu, achia, rudia kama mara 20. Mgeni asipewe baiskeli kabla ya hapo.

Sasa leteni magurudumu ya mbele hapa mezani, tusome diski moja moja.