Shilingi bilioni moja ndani ya biti 31

AKELLO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mwalimu Waiswa ameandaa mafunzo matatu kuhusu ujenzi wa mashine pepe (programu inayosoma na kuendesha maagizo ya lugha fulani) ya lugha dainamiki, yaani zile lugha ambazo kigeu kinaweza kubeba namba sasa na maneno baadaye. Kabla hajaanza, naomba nieleze nilichokiona Mbale, hapa kwetu Uganda, wiki hii, kwa sababu kinagusa mafunzo yote matatu.

WAISWA: Eleza, dada Akello. Mafunzo yangu, yaani mzunguko wa kusoma baitikodi (maagizo mafupi ya mashine), kashe za kukumbuka mbinu zilizokwisha kutafutwa, na mkusanya taka anayefuta vitu visivyotumika tena kwenye kumbukumbu, yatasubiri kidogo.

AKELLO: Mnaijua lugha ndogo ninayoijenga, ile ambayo wahasibu wa vyama vya akiba na mikopo huandikia kanuni zao wenyewe za riba. Mweka hazina wa SACCO moja ya wakulima wa kahawa alikuwa akiiendesha kwenye simu yake ya bei nafuu, yenye Android ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1 kwa kila thamani), ili akokotoe riba ya mwaka mzima. Orodha yake imepangwa kuanzia mwenye akiba ndogo hadi mwenye akiba kubwa. Majina ya mwanzo yalipita upesi, lakini kadiri orodha ilivyoshuka ndivyo kila jina lilivyozidi kukawia, ingawa kila mwanachama ana siku zilezile 365 na kanuni ni ileile moja. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba mashine yangu huchoka inapoona pesa nyingi.

WAISWA: Na alisema kweli tupu. Waeleze wasikilizaji namna mashine yako inavyohifadhi namba, maana hapo ndipo penye kiini.

AKELLO: Katika lugha dainamiki, mashine haiwezi kujua mapema kama thamani iliyo mbele yake ni namba, neno au orodha, hivyo kila thamani lazima ibebe alama ya aina yake. Njia ninayoitumia mimi ni ya zamani, na mashine za lugha za Smalltalk na Ruby zimeitumia pia. Anwani za vitu vilivyomo kwenye kumbukumbu huwa zinagawanyika kwa 4 au kwa 8, kwa hiyo biti yake ya mwisho daima ni 0. Biti hiyo isiyo na kazi huwekwa 1 pale thamani inapokuwa namba kamili. Namba 5 huandikwa 11, yaani mara mbili yake kuongeza moja, na 7 huandikwa 15. Kujumlisha ni 11 kuongeza 15 kutoa 1, unapata 25, ambayo ndiyo 12 katika maandishi hayohayo. Hakuna kitu kinachoumbwa kwenye kumbukumbu.

WAISWA: Mwenye Ruby kwenye kompyuta yake aulize kitambulisho cha namba 1, atajibiwa 3. Ni hesabu hiyohiyo inayojitokeza nje.

AKELLO: Gharama yake ni biti moja. Kwenye simu ya biti 32 zinabaki biti 31, na namba kubwa kabisa ni 1,073,741,823. Ikizidi hapo, prosesa inainua bendera ya kufurika, ishara kwamba jibu halienei, mashine inaacha njia ya haraka, inaumba kisanduku kwenye kumbukumbu, kwangu mimi ni baiti 16, na kuandika namba humo. Sasa tazama kanuni ya riba. Chama hiki hujumlisha salio la kila siku kwa mwaka mzima, kisha huzidisha jumla hiyo kwa kiwango cha riba na kugawanya kwa 365. Mwanachama mwenye shilingi milioni 3 anavuka mpaka siku ya 358, yaani tarehe 24 Desemba. Mwenye milioni 30 anavuka siku ya 36, tarehe 5 Februari, na tangu siku hiyo hadi mwisho wa mwaka kila jumla inaumba kisanduku kipya na kukitupa kile cha jana.

WAISWA: Na mkusanya taka wako hana vizazi, yaani hatenganishi vitu vipya na vya zamani.

AKELLO: Hana, kwa hiyo kila anapoamshwa hupitia vitu vyote vilivyo hai, majina na miamala ya wanachama wote, ili aokoe visanduku vichache vilivyokufa.

WAISWA: Jambo hili linanigusa sana. Hapa kwetu noti kubwa kabisa ni ya 50,000, na bilioni si fedha ya kufikirika, bali ni mizania ya kawaida ya chama cha wakulima. Mpaka ambao mhandisi anayehesabu kwa dola anaweza asiufikie katika programu yake yote, sisi tunaufikia kabla ya Pasaka. Wala si simu kuukuu pekee zenye mpaka huo. V8, mashine ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome, ilianza mwaka 2020 kubana anwani zake kwenye kompyuta za biti 64 ili kuokoa kumbukumbu, na namba zake ndogo zikarudi kwenye biti 31.

AKELLO: Basi toa dawa yako, Mwalimu, maana naiona tayari usoni.

WAISWA: Dawa yangu ni kuachana na lebo ya biti moja. Chukua biti 64 kwa kila thamani na uzichukulie zote kuwa namba za nukta elea, zile za desimali ambazo hukadiriwa zikiwa kubwa mno. Katika IEEE 754, kiwango cha kimataifa cha namba hizo, kuna mafungu mengi mno ya biti ambayo yote yana maana moja tu, kwamba hii si namba. Prosesa inahitaji fungu moja kati ya hayo, na mengine yote tunaweza kufichamo anwani na aina za vitu. LuaJIT, mashine ya lugha ya Lua, hufanya hivyo, na mashine ya JavaScript ya Safari pia. Kila namba inakaa mahali pake bila kisanduku, na ni kamili hadi 9,007,199,254,740,992. Niambie ni SACCO gani ya Mbale itakayofika huko.

AKELLO: Kwa kujumlisha, hakuna. Kwa kuzidisha, ni hiyohiyo niliyoitembelea. Gawio hukokotolewa kwa kuzidisha jumla ya mwanachama na faida yote inayogawiwa, kisha kugawanya kwa jumla ya chama. Mwenye milioni 30 ana jumla ya 10,950,000,000 kwa mwaka. Zidisha kwa faida ya milioni 800, unapata 8,760,000,000,000,000,000. Hapo nukta elea inaruka hatua za 1,024, yaani haiwezi kuandika namba zilizo katikati, na salio halisi lina mia na hamsini zake, halijanyooka kama mfano wangu. Faida ikifika milioni 900, hata namba kamili za biti 64, kama zile ambazo Lua imekuwa nazo tangu toleo la 5.3, zinafurika na kugeuka kuwa hasi bila kumwambia mtu yeyote.

WAISWA: Namba za Lua sizitetei. Ila kosa la nukta elea hapo halizidi 512, na mara moja unaligawanya kwa jumla ya chama, ambayo kwa akiba ya shilingi bilioni 8 ni trilioni 2.92. Kinachobaki hakifiki hata sehemu ya milioni moja ya shilingi. Hakuna mkulima atakayepunjwa.

AKELLO: Mkulima hapunjwi, lakini baki linapotea. Shilingi zinazosalia baada ya kukata sehemu za shilingi hugawiwa wenye mabaki makubwa, na mimi nataka baki lililo kamili, ili mkaguzi akirudia hesabu kwa kalamu apate kilekile kilichoandikwa na simu.

WAISWA: Kosa hilo linaweza kubadilisha nafasi za watu wawili tu ambao mabaki yao karibu yalingane, nao wanashindania shilingi moja. Kwa ajili ya shilingi hiyo unawafanya wote wasubiri mkusanya taka?

AKELLO: Kwa ajili ya ahadi. Anayeandika kanuni katika lugha hii si mwanaprogramu. Hajui hatua za 1,024 wala hapaswi kuzijua. Lugha ikimwambia kwamba namba ni namba kamili, basi iwe kamili hadi mwisho, hata ikihitaji tarakimu mia, kama lugha ya Python inavyofanya.

WAISWA: Python ambayo kila namba kamili ndani yake ni kitu kwenye kumbukumbu, hata zile ndogo zilizoumbwa mapema. Bei yake unaiona.

AKELLO: Naiona, na naona bei yako pia. Kwenye simu ya biti 32, safu ya thamani inayochukua baiti 4 kwa kila moja itachukua baiti 8, na katika kanuni hizi thamani nyingi ni siku, namba za uanachama na viungo vya majina. Unawatoza wote kodi kwa ajili ya namba chache kubwa.

WAISWA: Nami nakujibu kwamba kumbukumbu inayoongezeka mara moja na kutulia ni bora kuliko taka inayozalishwa kila siku ya hesabu. Prosesa za ARM za simu hizo zina kitengo cha nukta elea, nawe umekiacha kimelala.

AKELLO: Kitalala. Nitampa mkusanya taka kizazi kichanga ili visanduku vinavyokufa vikiwa vipya visimgharimu, lakini namba zitabaki kamili.

WAISWA: Utakuwa umejenga mkusanya taka mgumu ili kulinda uamuzi wa kwanza wa biti moja. Mimi ningebadilisha uamuzi.

AKELLO: Hapo hatukubaliani, Mwalimu.

WAISWA: Hatukubaliani kabisa. Na saa yetu imekwisha kabla sijafungua hata ukurasa mmoja wa mafunzo yangu. Mzunguko wa baitikodi hatukuugusa, na kashe ambazo watafiti Deutsch na Schiffman walizieleza mwaka 1984 kwa ajili ya Smalltalk zinahitaji kipindi chake chenyewe.

AKELLO: Wasikilizaji wenye mashine zao, pimeni jambo moja mtuandikie: katika programu halisi za watu wenu, ni namba ngapi kati ya mia zinazovuka 1,073,741,823? Mwalimu anadhani ni nyingi.

WAISWA: Katika hesabu za fedha, ndiyo, ni nyingi.

AKELLO: Mimi nadhani ni chache, ila zinakaa ndani ya mzunguko ulio moto kuliko yote, yaani unaorudiwa zaidi.