Chawa wa Hooke na Margaret Cavendish

Haya jamani, wanawake wa Uingereza walioingia kwenye mijadala ya wasomi karne ya 17 walikuwepo kadhaa, ila leo nakomaa na mmoja tu, Margaret Cavendish, mke wa Duke wa Newcastle. Chuo hakusoma, maana Oxford na Cambridge hazikuchukua wanawake, lakini 1666 akatoa kitabu cha falsafa, akiweka jina lake mwenyewe wazi kabisa, akiwakosoa wale jamaa wa Royal Society, chama cha wanasayansi, ambao ndo walikuwa habari ya mjini London.

Ishu ilikuwa hadubini, kile kifaa cha kukuza vitu vidogo. Mwaka 1665 Robert Hooke, mmoja wa jamaa hao, alitoa Micrographia, kitabu cha vitu alivyoviona kwa hadubini, mle kuna mchoro wa chawa mkubwa mpaka karatasi imekunjwa ndo ikaenea kitabuni, yaani Samuel Pepys, jamaa wa London aliyeandika shajara, anasema alikaa akikisoma hadi saa nane usiku! Sasa mama anauliza, mchoraji akimwonyesha ombaomba chawa mkubwa kama kaa, ombaomba ataamini? Na akiamini atafaidika nini, kwani mchoro unamfundisha kumkamata chawa au kumzuia asimng'ate?

Msicheke tu, kuna hoja nzito pia. Anasema lenzi zina kasoro, mwanga ukibadilika na umbo linabadilika, tena unaona nje tu, ndani hujui kinachoendelea. Kuhusu mwanga hata Hooke mwenyewe alishakiri, jicho la nzi kwenye mwanga fulani linafanana na wavu wenye vitundu, juani linaonekana kama limepigiliwa misumari ya dhahabu. Mi naona kuidharau hadubini moja kwa moja alizidisha, ila swali lake lilikuwa halali.

Tarehe 30 Mei 1667 akaalikwa Royal Society, wakamwonyesha majaribio yao, hadubini zikiwemo (wanachama wanawake walikuja kupokelewa 1945, mnasikia lakini?). Pepys alikuwepo, akaandika kuhusu gauni lake halafu eti hakumsikia akisema la maana, wakati hoja zake zilishachapishwa mwaka mzima nyuma! Tena kwenye kitabu hichohicho aliambatanisha hadithi, wanasayansi wake ni watu-dubu wanaogombana kwa sababu darubini zao hazikubaliani, malkia anachoka anaamuru zivunjwe zote, nao wanapiga magoti kumsihi aziache, maana bila hizo hawatakuwa na cha kubishania.