Mkopo Ukipungua, Nyongeza Tuitafute Wapi?

Wazazi wangu, mbukwenyi! Nanyi vijana mliomaliza kidato cha sita, karibuni.

Mkitafuta nyongeza ya fedha za chuo, wengi mnaanzia mbali, kwa wafadhili wa ng'ambo. Mimi nawaomba muanzie kwenye vyeti vilivyomo kabatini, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haimwoni mtoto wako akichunga mbuzi kule Bahi. Inaona fomu. Yatima asiyeambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kwenye mfumo si yatima. Kaya iliyomo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, isipotajwa, haitofautiani na kaya ya mfanyabiashara. Na kama sekondari ulisomeshwa na kanisa, msikiti au shirika, barua yao iwepo, la sivyo ada ile itahesabiwa kuwa uwezo wa baba yako. Hili linaniuma sana, kwa kuwa anayekosa ni yule yule ambaye mkopo uliwekwa kwa ajili yake. Jina la cheti cha kuzaliwa likipishana na la kidato cha nne, shughulikieni mapema, msingoje dirisha la maombi likaribie kufungwa.

Mkopo wenyewe huja kwa vipande: chakula na malazi, yaani bumu, kisha ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo. Mwingine hupata bumu na ada kidogo tu. Huyo akate rufaa, tena aweke kielelezo kipya; malalamiko matupu hayamsaidii.

Waliofaulu sana sayansi waangalie Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Ule haurudishwi. Mkopo hurudishwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo sainini mkijua.

Pengo litakalobaki ni letu. Alizeti tunaiuza ingali shambani, bei ikiwa chini, na chuo kinafunguliwa Oktoba hatuna kitu. Tengeni magunia ya ada. Halafu hizi kamati za harusi! Tunachangishana mamilioni kwa usiku mmoja wa ukumbini. Mwenyekiti yule yule, mweka hazina yule yule, wakae Agosti kwa ajili ya binti aliyechaguliwa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kadi za mchango zitoke, ahadi zifuatiliwe kwa simu vile vile. Kwa nini tusiweze?

Nawe mwanafunzi, omba kulipa kwa awamu kabla hujazuiwa kufanya mtihani. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili hiyo.

Mliokuja na vyeti, sogeeni meza hii tukague majina, herufi kwa herufi.