Stenti Gani kwa Ateri ya Ubongo Iliyosinyaa?

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kulinganisha stenti, yaani vijibomba vya wavu wa chuma vya kushikilia ateri iwe wazi, jueni kwamba wagonjwa wengi hawaihitaji. Utafiti wa SAMMPRIS nchini Marekani ulihusu watu 451 ambao ateri zao ubongoni zilikuwa zimeziba kwa asilimia 70 hadi 99. Mwaka 2011 uliacha kuandikisha wagonjwa wapya: ndani ya siku 30, asilimia 14.7 ya waliowekewa stenti walipata kiharusi au walifariki, na kwa waliotibiwa kwa dawa tu ni asilimia 5.8. Dawa zenyewe ni za kawaida: aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, klopidogreli ikiwa miligramu 75 kwa siku 90, dawa za kushusha presha hadi namba ya juu iwe chini ya 140, na za kolesteroli hadi LDL, ile kolesteroli mbaya, iwe chini ya 70. Stenti ni ya yule anayerudiwa na kiharusi kutoka ateri ileile huku akimeza dawa hizo sawasawa. Muulizeni vizuri, wapo wanaosemekana dawa zimewashinda, kumbe zimebaki kwenye pakiti.

Stenti iliyotumika pale ni Wingspan, ya nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani), inayojifungua yenyewe. Ni laini, hupita kona za ateri bila shida kubwa. Lakini kazi yake ina hatua mbili. Kwanza waya wa inchi 0.014 huvuka palipoziba, kisha puto lenye kipenyo cha takriban asilimia 80 ya ateri nzima hujazwa polepole. Puto likitoka, waya hubaki, na stenti hupitishwa juu yake. Hapo kwenye kubadilisha vifaa ndipo pa hatari: ncha ya waya ikisogea sentimita moja tu inaweza kutoboa kijitawi, na damu ikamwagika ubongoni. Pia nguvu yake ya kusukuma nje ni ndogo, hivyo ateri inaweza kusinyaa tena baada ya miezi.

Aina ya pili hufungwa juu ya puto na kutanuliwa kwa mkupuo mmoja. Hukaa pale pale ulipoilenga na hushikilia kwa nguvu. Tatizo ni ugumu wake: kwenye kona za karotidi, ateri kubwa ya shingoni, chini ya fuvu hukwama, na daktari akilazimisha hukwangua ukuta. Ikijazwa kupita kipimo, ateri hupasuka, kwa kuwa ateri za ubongoni zina ukuta mwembamba kuliko za moyo. Katika utafiti wa VISSIT, uliochapishwa 2015, waliowekewa aina hii walipata madhara kwa asilimia 24.1 ndani ya siku 30, na wa dawa tu asilimia 9.4.

Zipo pia zilizopakwa dawa. Utafiti mmoja wa China wa watu 263 ulilinganisha stenti ya puto yenye sirolimusi na ya chuma kitupu. Baada ya mwaka, ateri zilizosinyaa tena zilikuwa asilimia 9.5 dhidi ya 30.2. Tofauti hiyo ni kubwa kweli, ila madhara ya siku 30 za mwanzo hayakupungua. Dawa hiyo huzuia kovu la baadaye. Haiwezi kuzuia mafuta kusukumwa kwenye midomo ya vijitawi vya ateri ya besila, ile inayolisha shina la ubongo, siku ya kazi yenyewe.

Kwa maoni yangu, kumchagua mgonjwa kuna uzito kuliko kuchagua chuma. Wingspan ileile, katika utafiti wa WEAVE, iliwekwa kwa watu 152 waliokwisha kupata viharusi viwili au zaidi, na cha mwisho kikiwa kimepita zaidi ya siku 7. Kiharusi, kuvuja damu au kifo ndani ya saa 72 vilikuwa asilimia 2.6. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na saa 72 si siku 30, kwa hiyo msiziweke namba hizi bega kwa bega na za SAMMPRIS. Hata hivyo, siku hizo za kusubiri zina maana: sehemu ya ubongo iliyojeruhiwa jana ikifunguliwa damu nyingi ghafla huweza kuvuja. Ndiyo maana baada ya kazi presha hupimwa mara kwa mara, na aspirini na klopidogreli haziachwi hata kwa ajili ya kung'oa jino bila kumuuliza daktari aliyeweka stenti.