Watoto wa vitwitwi katika hori ya Mida

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Ninyi mnaopeleka wageni kuangalia ndege kule Mida, hori iliyo karibu na Watamu, pwani ya Kenya, mnawajua vitwitwi, hawa ndege watafutao chakula ufukweni na matopeni, kwa sura, kwa hiyo sitawachosha kwa orodha. Nataka tuwazungumzie wawili tu, pamoja na watoto wao.

Wa kwanza ni yule mla kaa (kwa Kiingereza crab plover), mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu huzalia visiwa vya Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Hakuna ndege mwingine katika jamaa za vitwitwi afanyaye hivyo. Kisha huja huku na kinda lake. Tazameni mwezi wa Novemba: mtamwona kijana wa kijivujivu, kimo karibu sawa na mzazi, bado anamwandama mamaye akililia kaa.

Wa pili ni kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda (kwa Kiingereza curlew sandpiper), uzito wake gramu 60 hivi, atokaye kaskazini kabisa mwa Siberia. Kwao mambo ni kinyume. Wazazi hutangulia, wakaanza kufika Agosti. Makinda hufuata baadaye bila mkubwa wa kuwaongoza, katika njia ambayo hawajawahi kuipita. Hili hunishangaza kila mwaka. Wengi wao hawarudi mwaka wa kwanza, hukaa hapa kusi nzima. Kwa hiyo mtu akisema Julai hakuna ndege Mida, mpelekeni akaone.

Sasa kazi yenyewe. Msifuate saa, fuateni maji. Yakipwa kabisa, ndege wametawanyika mbali, hata darubini haisaidii sana. Nendeni yanapojaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana, yatawasogeza karibu nanyi. Lakini hapo ndipo wanapobaki na mahali padogo pa kusimama. Machi na Aprili, vifua vya wale wadogo vinapoanza kuwa vyekundu, wanajinenepesha kwa safari ya kurudi, na kila wanaporushwa wanateketeza mafuta hayo. Huyu mdogo aliingizwa mwaka 2024 katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya spishi zinazotishiwa kutoweka. Mgeni akikuomba usogeze mtumbwi apate picha, kataa, kisha mweleze sababu kwa upole. Nimeona wengi wakishaelezwa huiweka kamera chini wenyewe.