Ukali wa Buchani Tuupeleke Kwenye Soseji

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie hotidogi, ile soseji ya ndani ya mkate: jinsi ya kuila ikanoga, na jinsi ya kuitafuta iliyo nzuri kabla hujatoa pesa mfukoni. Najua wapo waliosikia mada wakacheka. Hotidogi nayo ni ya kufanyiwa mhadhara? (Kicheko.) Ngojeni.

Mtu wa Mombasa kwa nyama hachezewi. Nendeni Markiti asubuhi mjionee. Mama amesimama mbele ya bucha, ataka sarara, akataa kipande cha kwanza, akataa cha pili, kisha amwamuru mwenye bucha ageuze nyama aione na upande wa pili. Mishkaki ikiwa ngumu, muuzaji atasemwa mtaa mzima. Basi mama huyohuyo, au mwanawe, akiteremka kwenye feri Likoni akakuta kigari cha smoki, ile soseji ya moshi, haulizi kitu. Ng'ombe, kuku, unga, yote sawa. Macho yako kwenye kachumbari na chupa ya pilipili. Hapo ndipo ninapotaka tugombane leo.

Historia nitaipitia haraka. Soseji hii ni ya Wajerumani na majirani zao; mji wa Frankfurt waidai na mji wa Vienna waidai. Wahamiaji walivuka nayo bahari kwenda Marekani karne ya 19. Mwaka 1867 Charles Feltman, Mjerumani, alianza kuiuza na mkate kwenye mkokoteni huko Coney Island, ufuoni New York. Mwaka 1916 Nathan Handwerker, aliyekuwa mfanyakazi kwenye mgahawa wa Feltman, akafungua kibanda chake palepale akauza senti 5, wakati mgahawa wa Feltman ulikuwa ukiuza senti 10. Na mwaka 1939 Rais Roosevelt alimwandalia Mfalme George wa Sita wa Uingereza hotidogi, mchana kweupe, nyumbani kwake Hyde Park, jimboni New York. Kwa hiyo anayeona haya kula mbele za watu, asione haya.

Ila kipande cha historia kinachotugusa sisi ni kingine. Soseji za Wajerumani zilikuwa na nguruwe. Wachinjaji wa Kiyahudi wa New York hawakuweza kumgusa, dini yao imewakataza kama yetu ilivyotukataza, ikabidi watengeneze ya ng'ombe mtupu, wakaitia kitunguu thomu na paprika, ile pilipili nyekundu ya unga isiyowasha sana. Leo hiyo ya ng'ombe mtupu ndiyo ambayo Wamarekani wengi, hata wasio na katazo lolote, wanaihesabu kuwa bora. Watu wenye masharti ndio waliopandisha daraja la chakula chenyewe. Sisi tuna masharti yayo hayo, tena wengi wetu tumesimama kwenye kuuliza "ni halali?" Tukishajibiwa ndiyo, tunafumba macho.

Sasa tazameni hapa mezani. Nina sahani mbili. Pakiti nimezitupa, sisemi ni za kampuni gani. Hii ya kulia naikata kwa kisu... imekatika safi, ndani imeshikana, mafuta yamesambaa huwezi kuyaona. Hii ya kushoto, nikiibonyeza kwa kidole, yabonyea na haurudi mahali pake huo mbonyeo. Nikiikata, kisu chatoka na utando mweupe. Huo ni wanga. Mzee wangu hapo mbele, hebu ishike. Umeona? Yateleza kama sabuni.

Tofauti inaanzia kiwandani. Soseji nzuri ni nyama isiyo na mafuta inayosagwa na chumvi pamoja na barafu, kisha mafuta yakatiwa kwa kipimo. Chumvi huivuta protini itoke kwenye nyama, protini ikalizingira kila tone la mafuta. Barafu ni ya kuzuia joto la mashine, kwa sababu mchanganyiko ukipata joto kabla ya wakati, mafuta yanajitenga. Kwa hiyo kiwanda kizuri kinahitaji nyama ya kutosha ya kuyashika hayo mafuta. Kiwanda kinachobania nyama kinatia wanga na soya vifanye kazi hiyo, na maji yanajaza uzito. Ndiyo maana kuna soseji ukiitia kikaangoni inajikunja, inatema maji, na inabaki nusu ya ulichonunua. Ulinunua maji, ndugu yangu. Marekani sheria yao haikubali mafuta yazidi asilimia 30, na mafuta pamoja na maji yaliyoongezwa yasizidi asilimia 40. Hata hiyo si kidogo!

Basi someni pakiti. Viungo huandikwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa. La kwanza liwe nyama, na itajwe nyama ya nini. Ukikuta "nyama ya kuku iliyotolewa kwa mashine", maana yake ni mifupa yenye mabaki ya nyama, iliyokamuliwa ikatoka uji. Si haramu, wala si sumu, lakini usiilipie bei ya minofu. Maji yakiwa ya pili na wanga wa tatu, irudishe kwenye friza. Na mkiona E250, hiyo ni sodiamu nitraiti: ndiyo inayoipa soseji wekundu wake na kuzuia bakteria wa botulizimu, yule anayetia sumu kali kwenye chakula. Ina kazi yake. Ina lawama yake pia, nitaifikia.

Tena kuna ngozi, na hapa wengi wetu hatufiki. Soseji ya kizamani hujazwa kwenye utumbo wa kondoo, ukiuma, ngozi inakatika "tak!" na maji ya nyama yanaruka. Kule Chicago mwaka 1925 kampuni ya Erwin Freund ilianza kutengeneza ngozi ya selulosi, yaani nyuzi za mimea, inayovuliwa soseji ikishaiva, na tangu hapo soseji nyingi za dukani hazina ngozi kabisa. Nyingine zina ngozi ya kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ya mnyama, na kolajeni yaweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe. Kwa hiyo anayeuliza uhalali asiishie kwenye nyama, aulize na ngozi. Muhuri wa halali ulio kwenye pakiti uwe na jina la walioutoa. Neno tupu lililochapwa kwa kijani, mtu yeyote anaweza kulichapa.

Kwa kigari, mambo ni machache. Simama kwanza utazame. Smoki imeshapikwa na kufukizwa moshi kiwandani, haitaki kuungua, yataka kupashwa hadi itoe mvuke. Ikiwa imelala vuguvugu juu ya kigari tangu adhuhuri, na jua letu hili, pita. Mtazame kisu kinachoipasua na kibao chake. Kachumbari iwe imefunikwa, na iwe ya leo. Muulize pakiti iko wapi; muuzaji mzuri atakuonyesha kwa fahari. Anayenuna umeshapata jibu.

Nyumbani, msiichemshe kwa fujo, itapasuka na utamu wote uende na maji. Maji yawe moto bila kutokota, dakika chache, kisha makaani ipate rangi. Mkate nao upashwe upande wa ndani, na samli kidogo tu. Mkate wa jana uliokauka unaua soseji ya bei yoyote. Juu yake, watu wa Chicago wana kanuni zao: haradali, kitunguu, nyanya, tango la siki, pilipili, chumvi ya seleri, na mtu mzima kutia tomato sosi kwao ni aibu. Hapo nawaunga mkono. Tomato sosi waachieni watoto. Sisi tuna ukwaju na achari ya embe, na uchachu wake unayakata mafuta vizuri kuliko haradali yao. Ila tieni kidogo. Soseji ikishazama kwenye achari huwezi kujua umekula nini, na wauzaji wengine wanategemea hilo hilo.

Lawama sasa. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama iliyosindikwa, yaani iliyohifadhiwa kwa chumvi, moshi au dawa kama hiyo E250, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Walisema gramu 50 kila siku, takriban hotidogi moja, zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kila siku, wamesema. Kwa hiyo ile tabia ya kumfungia mtoto smoki shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, mamangu, iacheni. Iwe kitu cha Jumapili pale ufuoni Mama Ngina, na ikiwa ni ya mara moja moja, basi iwe nzuri.

Kuna swali kule nyuma. Ndiyo, mwanangu. (Auliza kuhusu soseji za friji stima inapopotea.) Swali zuri sana hilo, hasa kwa mji huu. Pakiti isiyofunguliwa inakaa kwenye friji wiki mbili, ikifunguliwa ni wiki moja. Soseji nyingine zinauzwa mbichi, hizo ni siku moja au mbili tu, kisha zipikwe ziive hadi katikati. Stima ikipotea, usifungue mlango wa friji. Friji itakaa na baridi kwa muda wa saa nne hivi. Zikipita hapo, au ukiikuta soseji imepata joto na inateleza, usiinuse-nuse wala usiikaange kwa pilipili nyingi ukajidanganya. Afrika Kusini, 2017 na 2018, bakteria wa listeria aliyetoka kwenye poloni, soseji nene ya kukatwa vipande, aliua zaidi ya watu 200, na bakteria huyo habadilishi harufu wala ladha. Tupa. Na wajawazito wasile ya baridi hata friji ikiwa nzima. Haya, mwingine?